Neno Lililokosekana: Nilivyodai Malipo ya Ulemavu wa Muda Nikiwa Kigoma

Nilivunjika mguu asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, ndani ya ghala la kampuni ya usafirishaji mizigo lililopo Kibirizi, mahali ambapo boti za mbao hupakia bidhaa za kwenda upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa ghala: kuhesabu mifuko inayotoka, kuandika daftarini, na kumkabidhi nahodha wa boti hati ya mzigo. Siku hiyo tulikuwa tunatoa saruji ya kwenda Kalemie. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, sakafu ililowa, na paleti moja iliyobeba mifuko ya kilo 50 ilikuwa na ubao uliooza ambao kila mmoja wetu aliufahamu. Ubao ule ulipokatika, rundo liliinama kuelekea ukutani niliposimama na daftari langu, na mifuko kadhaa ikaubana mguu wangu wa kulia chini ya goti kabla sijawahi kusogea.

Sitaeleza maumivu, kwa sababu si maumivu yaliyonifanya niandike. Ninaandika kwa ajili ya yale yaliyofuata hospitalini, katika muda usiozidi dakika mbili, ambayo nusura yaninyime haki yangu yote.

Msimamizi wetu ndiye aliyenipeleka kwa pikapu ya kampuni. Tulipofika dirisha la mapokezi, muuguzi aliuliza nimepatwa na nini, na msimamizi akajibu kwa neno moja: "Ameanguka." Mimi nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, jasho linanitoka, nikaitikia kwa kichwa ili mambo yaende haraka. Muuguzi akaandika, kwa Kiingereza kile kifupi cha hospitali, maneno ambayo maana yake ni kwamba mgonjwa alianguka asubuhi na ana maumivu makali ya mguu wa kulia. Hapakuandikwa kwamba nilibanwa na mzigo, wala kwamba ilikuwa kazini. Sikuiona karatasi hiyo siku ile, na hata kama ningeiona, nisingejua kuna kitu kimepungua.

Nilifungwa hogo kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti, nikarudishwa chumbani kwangu Gungu na magongo mawili, na daktari akaniandikia mapumziko ya wiki sita kwa kuanzia. Mwisho wa Machi mshahara wangu uliingia benki kamili. Mwisho wa Aprili uliingia kamili vilevile. Nilimshukuru Mungu na nikaishukuru kampuni, na mke wangu, ambaye huuza mawese na dagaa sokoni, aliendelea na biashara yake bila hofu. Wenzangu waliokuja kuniona walisema nina bahati ya kuwa na mwajiri mwenye utu.

Hapo ndipo penye mtego ambao ningependa kila mfanyakazi aufahamu. Kampuni ilikuwa imeniweka kwenye likizo ya kawaida ya ugonjwa, ile inayotolewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo hiyo ni ya malaria, ya homa ya matumbo, ya upasuaji wa kidole tumbo, yaani ya ugonjwa unaoweza kumpata mtu yeyote popote alipo. Mtu aliyeumia akiwa kazini ana njia yake nyingine, ambayo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kulipa mafao mwezi Julai 2016. Mimi sikuuliza habari za Mfuko kwa sababu pesa ilikuwa inaingia, na pesa inayoingia kamili hainyanyui mtu kitandani kwenda kuuliza maswali. Siku ya 63 iliangukia tarehe 16 Mei. Mwisho wa mwezi huo mshahara ulikuja umepungua, nami nilipopiga hesabu kwenye kalenda niliona kwamba ifikapo tarehe 18 Julai siku zote 126 zitakuwa zimekwisha, na baada ya hapo sitapata chochote, ilhali daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mifupa inaunga polepole na nisitarajie kuukanyagia mguu kikamilifu kabla ya Septemba.

Nilimpigia simu msimamizi. Alinijibu kwa upole, nami ninaamini hakuwa na nia mbaya, kwamba taarifa ya ajali haikupelekwa Mfuko kwa sababu ilidhaniwa nitapona upesi, na kwamba ikipelekwa sasa wakaguzi wa usalama mahali pa kazi watakuja kulikagua ghala zima. Akaongeza, "Kaka, tuvumiliane tu, ukipona utarudi." Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nilikodi bajaji hadi mjini, kwenye ofisi ya Afisa Kazi, yaani afisa wa serikali anayeshughulikia masuala ya wafanyakazi.

Niliyemkuta ni mama wa makamo, mtaratibu, aliyenivutia kiti cha pili ili niweke mguu juu kabla hajaniuliza jina. Nilimwamkia, nikamweleza yote, naye alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Mwanangu, karatasi ya hospitali ya siku ile ya kwanza inasemaje?" Nikamwambia sijui. Akanituma nikaombe nakala.

Nilipoleta nakala, aliisoma, akaweka kidole kwenye lile neno la kuanguka, akanyamaza kidogo. Kisha alinifafanulia kwa lugha ninayoikumbuka hadi leo. Mfuko, alisema, haukuulizi nani mwenye kosa. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, wala hutanyimwa kwa sababu tu hukuwa mwangalifu. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliumia kutokana na kazi na ukiwa katika kuifanya. Hilo ndilo shina la dai lote, na karatasi ya kwanza ya tabibu ndiyo shahidi anayeaminiwa kuliko wote, kwa kuwa iliandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria pesa. Karatasi yangu ilisema nimeanguka. Mtu huanguka bafuni, huanguka kwenye ngazi za nyumba ya jirani, huanguka akitoka kwenye pombe. Alinieleza pia kwamba mwajiri alipaswa kutoa taarifa ndani ya siku saba tangu alipojua, lakini kuchelewa kwake hakujaniua, kwa sababu mimi nina miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali kuwasilisha dai. Nilitoka pale nikiwa na orodha ya nyaraka iliyoandikwa kwa mkono wake nyuma ya karatasi iliyotumika, na nikiwa na moyo mzito kwa ajili ya neno moja.

Wiki mbili zilizofuata nilizitumia kulijazia neno hilo.

Nilianza na daftari la ghala. Nilimwomba kijana aliyekuwa anashika nafasi yangu anitolee nakala ya ukurasa wa tarehe 14 Machi, naye akaniletea daftari lenyewe hadi nyumbani ili nilione kwanza. Sisi makarani wa mizigo huhesabu kwa vijiti: vijiti vinne vilivyosimama na cha tano kinachovikata, kila kundi mifuko mitano, mstari baada ya mstari. Ukurasa ule ulianza saa mbili kasoro robo kwa mwandiko wangu, makundi yamepangana vizuri, juu pameandikwa saruji, Kalemie, na namba ya boti. Katikati ya mstari wa saba kundi la mwisho lina vijiti vitatu tu, na kile cha tatu kimeteleza kikashuka hadi ukingo wa karatasi, mahali peni iliponitoka mkononi. Baada ya hapo kuna doa la saruji iliyoganda, na chini yake hesabu inaendelea kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nililitazama kundi lile kwa muda mrefu. Hakuna maelezo ambayo ningeyaandika yangesema zaidi ya vile vijiti vitatu.

Kisha nikatafuta mashahidi. Mwenzangu wa ofisini aliandika maelezo yake siku hiyohiyo na kuyatia sahihi. Shahidi wa pili, ambaye ndiye aliyeniondolea mifuko mguuni, ni kuli aliyekuwa amebeba mzigo hatua mbili kutoka nilipokuwa. Huyu hajui kuandika vizuri, hivyo alisimulia, mwenzangu akaandika, akasomewa, naye akaweka dole gumba. Alipomaliza aliniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye akiumia kuna Mfuko wa kumlipa. Nilishindwa kumjibu haraka. Makuli wa Kibirizi hulipwa kwa mzigo, jioni kwa jioni, mkono kwa mkono. Majina yao hayamo kwenye orodha ya mishahara ambayo mwajiri huitumia kuchangia, hawana mkataba wala hati ya malipo, na mtu wa namna hiyo akitaka kudai hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba ameajiriwa. Jambo hili linaniuma, na halikuacha kuniuma baada ya langu kukamilika, kwa sababu wao ndio wanaobeba saruji na mimi nilikuwa nabeba kalamu.

La tatu lilikuwa daktari. Nilidhani nitamwomba afute neno la kuanguka na kuandika jingine, na ninashukuru kwamba nilipata aibu ya kuomba hivyo kabla sijatamka. Daktari wa mifupa alisema mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, kwamba maandishi ya mgonjwa hayafutwi. Alichofanya ni kuitoa picha ya eksirei ya siku ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kwamba mifupa yote miwili ya chini ya goti ilikatika karibu usawa mmoja. Mtu anayeanguka na mguu ukajipinda, alieleza, mara nyingi huvunjika kwa mpasuko wa mzunguko, na mifupa hiyo miwili hupasuka mahali tofauti. Mivunjiko iliyokatika moja kwa moja katika usawa mmoja huashiria kitu kizito kilichopiga au kubana kutoka upande. Akayaandika hayo katika ripoti yake kwa ajili ya Mfuko, pamoja na maelezo niliyompa kuhusu ajali, akataja wazi kwamba maelezo ya awali yalitolewa na mtu aliyenisindikiza.

Nilipokuwa na nyaraka hizo mkononi, Afisa Kazi alimwandikia mwajiri barua, na kampuni ikajaza taarifa ya ajali katikati ya Juni. Walijaza bila ugomvi. Nadhani walikuwa wameogopa jambo ambalo halikuwa na ukubwa waliouwazia, kwa maana michango ya Mfuko hutolewa na mwajiri kila mwezi, awe na majeruhi au asiwe naye, na kuniacha nikae nyumbani bila malipo hakukuwaokolea hata shilingi moja ya michango waliyokwisha kuitoa. Mfanyakazi hachangii chochote. Ukiona makato ya Mfuko wa fidia kwenye hati yako ya mshahara, uliza.

Nilikagua fomu kabla haijaondoka, na hapo nikakuta kasoro ya pili. Malipo ya ulemavu wa muda, yaani yale ya kipindi ambacho majeruhi hawezi kufanya kazi, ni asilimia 70 ya mapato ya mfanyakazi kwa mwezi, na yanaweza kuendelea hadi miezi 24 ikiwa bado hajaweza kurudi kazini. Katika nafasi ya mapato, karani wa mishahara alikuwa ameandika shilingi 380,000, ambao ndio mshahara wangu wa msingi. Lakini mimi nilikuwa nalipwa kila mwezi, bila kukosa, posho ya nyumba ya shilingi 60,000, nayo posho ya kudumu ya namna hiyo huhesabika kuwa mapato. Asilimia 70 ya 380,000 ni shilingi 266,000. Asilimia 70 ya 440,000 ni shilingi 308,000. Tofauti ya 42,000 kwa mwezi ni kodi ya chumba chetu na chenji inabaki. Nilipeleka hati za mshahara za miezi sita, fomu ikarekebishwa siku hiyo, wala hakuna aliyekasirika. Ni uzembe wa kalamu, lakini nisingeisoma fomu, uzembe huo ungenifuata kila mwisho wa mwezi.

Kuhusu risiti nina jambo fupi. Nilikuwa nimenunua dawa, nimelipia eksirei mbili na magongo kwa pesa yangu, na gharama za matibabu ya jeraha la kazini ni sehemu ya mafao ya Mfuko. Risiti nilizihifadhi kwa uangalifu mkubwa ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, karibu na bati. Nilipozitoa mwezi Juni, zile za mashine zilikuwa zimechujuka kwa joto, mbili zikiwa nyeupe kabisa kama hazijawahi kuandikwa. Mbili hizo nilizipoteza. Zilizobaki nilizitoa nakala saa ileile, na tangu hapo kila risiti niliitoa nakala na kuipiga picha siku niliyoipokea.

Dai lilikwenda, nikasubiri. Mfuko uliwasiliana nami kwa simu mara mbili, mara ya kwanza ukitaka namba yangu ya kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki, mara ya pili ukitaka kujua mwajiri alinilipa nini kila mwezi tangu ajali, ili nisilipwe mara mbili kwa siku zilezile. Niliwapa kila kitu kama kilivyo. Kulikuwa na kikwazo kimoja cha mwisho, ambacho kilitokana na mimi mwenyewe. Mapumziko yaliyoandikwa na daktari yaliishia tarehe 9 Juni, na kwa kuwa nilikuwa nahangaika na mashahidi, nilirudi kliniki tarehe 20. Kwenye karatasi, kwa siku kumi hivi, nilikuwa mtu mwenye afya ambaye hakwenda kazini kwa hiari yake. Hogo lilikuwa mguuni siku zote hizo, lakini hogo halitumwi kwa Mfuko; kinachotumwa ni ripoti ya daktari ya maendeleo ya mgonjwa, nayo lazima ishikane na iliyotangulia kama pingili za muwa. Daktari aliandika barua ya kuthibitisha kwamba katika siku hizo nilikuwa bado sijiwezi, na baada ya hapo nilimwekea mke wangu tarehe za kliniki kwenye simu yake, kwa sababu yeye hasahau.

Malipo ya kwanza yaliingia mwishoni mwa Agosti, yakiwa na malimbikizo. Nilikuwa nimeketi barazani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ujumbe wa benki ulipoingia. Nilimwita mke wangu asome, kwa kuwa nilitaka mtu mwingine ahakikishe tarakimu. Alisoma, akasoma tena, akaenda moja kwa moja kumlipa mwenye duka tuliyekuwa tumemkopa unga tangu Juni.

Nilirudi kazini Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023, kwa gongo moja. Malipo ya ulemavu wa muda yalikoma hapo, kama inavyotakiwa, na daktari akajaza ripoti ya mwisho ili Mfuko upime kama kuna ulemavu wa kudumu. Mguu wangu wa kulia haukunji kifundo kama zamani, hasa asubuhi za baridi, nao walinipangia asilimia ndogo iliyolipwa kwa mkupuo. Ulemavu wa kudumu una kanuni zake nyingi na sikuzipitia kwa undani unaonipa haki ya kumfundisha mtu.

Paleti zile mbovu zimeondolewa. Wakaguzi hawakuja na minyororo. Walikuja, wakaandika, wakaondoka, na ghala likapata sakafu kavu.

Mwaka uliofuata, kijana mmoja wa kupakia alibanwa vidole viwili kati ya boti na gati. Nilifunga daftari nikapanda naye bajaji. Mapokezi muuguzi aliuliza kimetokea nini, na wale waliotusindikiza wakaanza kujibu kwa pamoja kwamba ameumia mkono. Niliwaomba radhi, nikamwambia yeye mwenyewe aseme, alikuwa wapi, anafanya nini, na nini kilimbana. Alisema huku meno yamekaza. Muuguzi akaandika. Nikamwomba muuguzi, kwa adabu, atusomee alichoandika, naye akageuza karatasi upande wetu: amebanwa na boti akipakia mzigo kazini, Kibirizi, saa nne asubuhi. Kijana akaniangalia kuuliza kama inatosha. Nikamwambia inatosha, sasa akashonwe.